Gari Lisilomtaka Shemeji

Kijiwe chao kilikuwa kwenye kibaraza cha kinyozi, pale barabara inapopinda kuelekea shuleni, na kwa miaka mingi kiliishi kwa ubao mmoja uliowabana watu mapaja, mpaka mtu akiinuka ilibidi asimame kwanza ajikumbuke ndipo aende zake. Siku hizi walikaa kifalme. Fundi Volti, alipokuwa akitafuta ugonjwa wa gari la Taratibu, alikitoa kiti cha nyuma ili aifikie pampu ya mafuta, akakiweka pale ukutani kwa muda kidogo. Watu wakakikalia, wakakionja, wakakikubali, na ule muda kidogo ukawa haujaisha. Kilikuwa kiti kirefu cha ngozi bandia, rangi ya damu ya mzee, chenye springi zilizolalamika kila mtu alipojigeuza. Gari lenyewe lilisimama mbele yao, kuukuu lakini limeoshwa likang'aa, nao wakilitazama kama jamaa waliokuja kumjulia hali mgonjwa. Kahawa ilikuwa ya Birika, muuzaji aliyeitwa kwa jina la chombo chake, na kijiwe kilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: birika likikauka, mjadala umefungwa, na neno la mwisho kusemwa ndilo linalotekelezwa, liwe la maana au lisiwe.

Kwa sheria hiyo gari la Taratibu lilikwisha kufanyiwa mengi. Lilibadilishwa pampu, kwa kuwa siku ile birika lilikauka Fundi Volti akisema pampu. Likabadilishwa fyuzi zote. Tangi likashushwa, likaoshwa. Jioni moja birika lilikauka Kinyozi akiwa anasema boneti ingependeza ikipakwa rangi upya, na Taratibu, ambaye ni mtu wa kufuata sheria, akaipaka. Ugonjwa haukujulikana bado, ila gari likawa na boneti nzuri.

Taratibu alikuwa amestaafu kazi ya kupima viwanja, na jina hilo alipewa kwa jinsi anavyoendesha. Watoto wa shule humpita kwa miguu na kumpungia. Jumapili ile ilikuwa siku ya kulijaribu. Mkewe alikuwa nyumbani anavaa. Asubuhi alikuwa amemwambia, akiwa ameushika mwiko wala hakuuweka chini, kwamba leo atapanda gari lile kwa mara ya mwisho. Likizima tena, litakuwa banda la kuku, na habari za matembezi zisitajwe tena ndani ya nyumba.

Mtu mwingine angesema banda la kuku si hasara. Lakini nyumba ya Taratibu ilijaa: watoto waliooa, wake zao, wajukuu, redio mbili. Humo ndani yeye na mkewe walisemezana habari za chumvi na mabomba basi. Mazungumzo yao yenyewe yalikuwa ya garini. Kila Jumapili alimpeleka mpaka kilimani, yeye mbele kwenye usukani, mkewe nyuma kwa kuwa mlango wa mbele wa abiria ulikwama zamani na hakuna aliyeushughulikia. Huko nyuma mkewe alimenya machungwa na kusimulia mambo ya watu, naye alimtazama kwenye kioo cha ndani na kucheka mpaka gari linapunguza mwendo, kama lilikuwa na mwendo wa kupunguza. Sasa Jumapili zilikuwa zimepita nyingi bila safari, na Taratibu alimkosa mkewe aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja. Hakuwahi kulisema hilo kijiweni. Kijiweni alisema pampu.

— Tuanze mwanzo, alisema Refa. Alikuwa amechezesha mechi za shule ujanani, na filimbi ilikuwa bado shingoni. Yeye ndiye aliyeongoza vikao. — Mgonjwa anasumbuliwa na nini?

— Unajua anasumbuliwa na nini, Refa. Unaniuliza tangu mvua za mwanzo.

— Nauliza kwa utaratibu.

Taratibu akashusha pumzi.

— Linakwenda vizuri. Halafu pampu inanyamaza. Mafuta hayafiki mbele, gari linazima. Nalisukuma kando. Mke wangu anashuka, anasimama pembeni na mkoba wake. Nazungusha ufunguo, pampu inanguruma, gari linawaka kama halikuwa na neno. Anapanda. Tunakwenda kidogo. Linazima.

— Na ukiwa peke yako?

— Halijawahi.

— Hata mara moja?

— Refa, jana nimezunguka nalo soko zima mara mbili.

— Mimi ni shahidi, alidakia Fundi Volti, aliyekuwa mwisho wa kiti, upande wenye springi nzuri. Ndiye aliyetengeneza nyaya, redio na mafriji ya mtaa mzima, na maneno yake yalipewa uzito mpaka pale yalipoanza kurefuka. — Nilichuchumaa kule nyuma kwenye bati, taa ya kupimia mkononi, nimeigusisha kwenye waya wa pampu. Miguu ikafa ganzi. Taa haikupepesa. Umeme unafika pale kama maji ya bombani.

— Ya bomba lipi? aliuliza Birika. — Lile letu hukaa siku nzima linakohoa.

— Bomba zima, Birika. Nasema bomba zima.

— Kwa hiyo gari ni zima, alisema Refa.

— Gari ni zima kabisa. Tangu nianze kulishughulikia halijazima hata dakika.

— Ila shemeji hajalipanda tangu uanze kulishughulikia.

— Hajalipanda.

Kila mmoja alikunywa funda moja, kwa heshima ya mahali mjadala ulipokuwa unaelekea.

— Mimi naomba niseme, alisema Kinyozi kutoka mlangoni, mkasi mkononi. Hakuwa na mteja; mkasi aliushika kwa ajili ya hadhi. — Lakini mzee Taratibu asinichukie.

— Sema tu, mwanangu.

— Ni nywele.

— Nywele zimefanya nini?

— Nywele zina umeme. Mimi nazishughulikia kila siku, najua. Chanua kichwa kikavu kwa chanuo la plastiki, utaona zinavyosimama. Sasa shemeji ana nywele nyingi, tumshukuru Mungu, na anakaa karibu na pampu. Umeme wa kichwa unagombana na umeme wa betri. Pampu inachanganyikiwa isikilize upi.

Fundi Volti alikunja uso kama mtu aliyepewa kazi ya kumwelimisha mjukuu.

— Umeme wa nywele hauwezi kuzima pampu.

— Umewahi kuupima?

Fundi Volti hakuwa amewahi kuupima.

— Tatizo ni simu, alisema baada ya kujikusanya. — Shemeji ana simu kwenye mkoba. Simu inatafuta mtandao. Mkiondoka hapa mjini mtandao unapungua, simu inatafuta kwa nguvu zaidi, yale mawimbi yanaingia kwenye waya. Akishuka, anaondoka na mkoba. Gari linawaka. Hesabu imetimia.

— Simu yake haina chaji kuanzia saa nne asubuhi, alisema Taratibu. — Wajukuu wanachezea.

— Ikiwa haina chaji ndiyo inatafuta kwa uchungu.

Taratibu alitazama kikombe chake. Kulikuwa na jambo lililomkereketa tangu juzi, akaona alitoe.

— Kuna siku nilikwenda kuchukua gunia la mkaa. Nililiweka kiti cha nyuma. Lilizima darajani.

Wote wakageuka, springi zikalia kwa pamoja.

— Hukutuambia hilo, alisema Refa.

— Nilisahau. Ilikuwa kabla Fundi hajaanza.

— Gunia halina nywele, alisema Fundi Volti taratibu, akimtazama Kinyozi.

— Wala simu, alisema Kinyozi.

— Subirini, alisema Refa, akainua mkono kama anayezuia penalti. — Gunia lilikuwa la nani?

— La mke wangu. Yeye ndiye aliyenituma.

— Basi.

Wakakubaliana kwamba gunia halikuongeza jipya. Birika akawajazia vikombe, akalitikisa birika sikioni.

— Hili limebaki kidogo, alisema. — Mwenye la kusema aseme.

Taratibu akatupa jicho njiani, upande wa nyumbani. Hakuna mtu bado. Alianza kuona aibu kwamba aliwahi kuwa mtu wa vipimo, mtu wa kamba na vigingi, na leo anasubiri hatima ya ndoa yake kutoka kwa mtu mwenye filimbi. Lakini hakuwa na pengine pa kwenda. Hapa ndipo palipokuwa na fundi, ndipo palipokuwa na kahawa.

— Nitawaambia ukweli, alisema Refa. — Mmekuwa mkizungukazunguka. Nani alitangulia kuingia nyumbani kwako, Taratibu? Gari au mke?

— Gari. Lilikuwa la marehemu baba.

— Na baada ya kuoa, nani ulimwosha kila Jumamosi?

— Gari, lakini mke wangu anaoga mwenyewe, Refa.

— Nani ulimnunulia vitu vipya bila kuombwa? Matairi, mafuta ya breki, kile kitambaa cha dashibodi?

Taratibu akaligeukia gari.

— Hilo gari lina mke mwenza, alisema Refa. — Ndiyo ugonjwa wenyewe. Kila likimbeba linanuna. Akishuka, linacheka.

Kinyozi alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Fundi Volti alifungua kinywa kupinga, akakumbuka jinsi gari lilivyokuwa likiwaka mara tu shemeji anapotia mguu chini, akakifunga. Hakuwa na rilei wala fyuzi ya kuelezea jambo hilo.

— Mimi sikubaliani nawe, Refa, alisema Birika, na watu wakamgeukia kwa kuwa Birika ni mtu wa kumimina, si wa kutoa hoja. — Kununa ni sawa. Lakini kwa nini lisinune tangu getini? Kwa nini linangoja lifike njiani? Mzee, hebu kumbuka. Lilipozima mara ya mwisho, shemeji alikuwa anafanya nini?

— Alikuwa anasimulia.

— Anasimulia nini?

— Habari za wifi yake. Alikwenda kumsaidia kufungasha vitu, yule anahama. Akaambiwa asiliguse kabati la chumbani. Wifi akatoka kwenda dukani. Mke wangu akasema, "Basi, nilipofungua lile kabati," na gari likazima.

Kinyozi akaweka mkasi chini.

— Kulikuwa na nini?

— Sijui.

— Hukumuuliza?

— Nilimuuliza siku ile ile, pembeni ya barabara. Akasema hasimulii akiwa amesimama juani. Nyumbani hasimulii, kuna wakwe wa huyo wifi wanaingia na kutoka. Akasema nitaisikia gari likipona.

— Tangu mvua za mwanzo? aliuliza Fundi Volti.

— Tangu mvua za mwanzo.

Wakamtazama kwa macho mengine. Walikuwa wamedhani mwenzao ana shida ya pampu.

— Na kabla ya hapo? aliendelea Birika, ambaye sasa alikuwa amenogewa. — Lilipozima mara ya kwanza?

— Alikuwa anasema habari za jirani na mbuzi.

— Ya pili?

— Za mkwe wetu mdogo.

Birika akaliweka birika juu ya jiko lake dogo, akapangusa mikono.

— Haya. Gari ni la marehemu baba yako, mtu aliyekuwa hapendi umbea, Mungu amrehemu. Mimi mwenyewe aliwahi kunifukuza. Likisikia habari za watu linakata mafuta. Likiwa na wewe peke yako halizimi, kwa sababu wewe unaongea na nani? Dawa yake rahisi. Shemeji apande, akae, asiseme neno mpaka wafike.

— Na gunia? aliuliza Kinyozi.

— Gunia unajua lilitoka kwa nani. Huko dukani kwa muuza mkaa husemwa mambo gani?

Refa aliipuliza filimbi kidogo, bila sauti, ishara kwamba hoja imepokelewa. Hata Fundi Volti alisema, kwa unyenyekevu uliomgharimu, kwamba sauti ni mtikisiko, na mtikisiko unaweza kuachanisha waya, kwa hiyo kitaalamu jambo hilo lina mlango wa kuingilia.

— Limebaki la vikombe viwili, alisema Birika. — Tunafunga hivyo? Asiongee?

Taratibu alihisi maji yamemfika shingoni. Angepaka boneti mara kumi. Angeosha tangi kwa mswaki. Lakini kumwambia mkewe apande na kunyamaza, kutoka nyumbani mpaka kilimani, na yeye amtazame kwenye kioo akiwa amefumba mdomo kama mgeni kwenye gari la kukodi!

— Akinyamaza, tunakwenda kufanya nini huko? alisema. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. — Mimi simpeleki kilimani kuona kilima. Nampeleka ili aniambie mambo. Nyumbani hatuongei, jamani. Namkosa.

Lilikuwa neno zito kwa kijiwe. Kinyozi alianza kukagua meno ya chanuo. Refa alitazama barabarani, ambako hakukuwa na kitu. Fundi Volti alisafisha koo, akasema kwamba labda aongee kwa sauti ya chini, na Birika akammiminia Taratibu kikombe bila kuombwa. Kilikuwa cha kabla ya mwisho.

Ndipo mkewe Taratibu akatokea kwenye kona, amevaa gauni lake la kutokea na kitambaa kichwani, mkoba begani, mfuko wa machungwa mkononi. Hakuwa amewahi kufika kijiweni hata siku moja. Alikuwa akipita upande wa pili wa barabara na kuinua mkono. Leo alikuja moja kwa moja.

— Hamjambo.

— Hatujambo, shemeji. Karibu, shemeji.

— Sikai. Limepona?

Swali lile lilikuwa na jibu, na Fundi Volti alilitoa amenyoosha kifua.

— Limepona kabisa, shemeji. Nimelipima mwenyewe. Tangu nianze kulishughulikia halijazima hata mara moja.

— Vizuri, alisema. Akawapita, akaufungua mlango wa nyuma wa gari, akainama kuingia, akasimama hivyo hivyo, nusu ndani nusu nje. Ndani kulikuwa na bati tupu, nyaya mbili tatu, na kipande cha gazeti ambacho Fundi alikuwa amekichuchumalia. Akatoka taratibu. Akawageukia.

— Mimi nikae wapi?

Birika alikuwa amekwisha kuinamisha chombo chake juu ya kikombe cha Refa. Yalitoka matone matatu, na la nne likakataa.

Walikuwa na majibu ya nywele, ya simu, ya wivu wa bati na ya roho ya marehemu, lakini hilo hawakuwa wamejiandaa nalo. Wakatazama gari. Wakamtazama yeye. Kisha, mmoja mmoja, wakatazama walipokuwa wamekaa.

Fundi Volti ndiye aliyeinuka kwanza. Springi ikapanda, ikalia kidogo. Akakishika kiti kwa mikono miwili, na wenzake wakainuka upesi kabla hakijawamwaga, akakipindua tumbo juu mbele ya watu wote. Upande wa kushoto, pale shemeji alipokuwa akikaa, springi moja ilikuwa imelegea na kushuka kuliko wenzake, na chuma chake kilikuwa na mikwaruzo ya rangi ya njano. Fundi alikwenda garini, akainama, akatazama sakafuni. Waya wa pampu ulitokea kwenye tundu la bati na kuunganishwa na mwenzake kwa kiungio cha plastiki. Kiungio kilikuwa cha njano.

Alirudi akiwa ametulia sana.

— Mtu akikaa, springi inashuka, alisema. — Njia ikiwatikisa, inakisukuma kiungio na waya unaachana. Mtu akishuka, springi inapanda, waya unagusana tena.

— Na gunia? aliuliza Kinyozi.

— Gunia nalo hukaa.

Refa aliivua filimbi shingoni, akaitia mfukoni. Birika akasema, bila kumlenga mtu, kwamba kumbe muda wote ule walikuwa wamekikalia. Fundi Volti akamgeukia mkewe Taratibu na kusema ataufunga ule waya pembeni kwa tepu na kukirudisha kiti sasa hivi, ni kazi ndogo mno, hata kahawa haiwezi kupoa.

— Kahawa imekwisha, alisema Birika.

Mama yule alikitazama kiti. Kilikuwa na duara za vikombe, nywele za watu, na mabonde manne ya watu wanne.

— Hicho kaeni nacho, alisema. — Mimi sikai tena nyuma.

Taratibu alikwisha kuufikia mlango wa mbele wa abiria. Alikivuta kitasa kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili, mguu ameuegemeza kwenye gari. Mlango haukutaka. Miaka yote ile alijiambia si kitu, mkewe ana nafasi nzuri nyuma. Alitaka kusema samahani, akaona ni neno dogo kwa jambo lenyewe, akaendelea kuvuta.

— Acha, alisema mkewe. — Sogea.

Akazunguka, akafungua mlango wa dereva, akapita chini ya usukani na kusogea mpaka dirishani, kwa kuwa kiti cha mbele kilikuwa kimoja kirefu na hakikuwa na kitu cha kumzuia, wala hakikuwahi kuwa nacho. Akaweka machungwa mapajani. Taratibu akaingia, akazungusha ufunguo. Huko nyuma pampu ikanguruma. Kijiwe kizima, kilichokuwa kimesimama wima, kikaisikiliza.

Walipita shule. Walipita soko. Walifika darajani, wakalivuka, na pampu haikunyamaza. Taratibu akainua macho kwenye kioo cha ndani, kwa mazoea, akaona barabara tupu waliyotokea.

— Niko huku, alisema mkewe.

Akamgeukia. Alikuwa karibu kiasi cha kumpa kipande cha chungwa bila kunyoosha mkono, na akampa.

— Basi, alisema, — nilipofungua lile kabati.